Diski moja ya RAID 1 imekufa, data bado zipo: nianzie wapi?

kipanya_cha_waya
Wakuu, nina seva ya Linux yenye diski mbili za TB 2 kwenye RAID 1 (kila diski inabeba nakala ileile) ya mdadm, programu ya Linux inayoendesha RAID. Leo imekuwa nzito, nikacheki `/proc/mdstat`:

`md0 : active raid1 sdb1[1](F) sda1[0]`
`[2/1] [U_]`

Yaani sdb imefeli (F), imebaki sda peke yake. Mafaili yanafunguka kama kawaida. Diski mpya ninayo. Naichomeka tu ijijenge yenyewe? Naombeni mwongozo, hizi ni data za ofisi.

MzeeWaTemino
Mkuu, weka bisibisi chini, nakili data kwanza. Hiyo sda inabeba mzigo peke yake, na wakati wa kujenga upya itasomwa sekta (vipande vidogo vya diski) ya kwanza hadi ya mwisho. Kama ni rika moja na marehemu, hapo ndipo nayo hukata roho. Piga `smartctl -a /dev/sda` (ripoti ya afya ya diski), angalia Current_Pending_Sector, idadi ya sekta zenye shida ya kusomeka. Isiposoma sifuri, usisogee bila nakala.

binti_seva
Na sdb ikiwa bado inajibu, angalia UDMA_CRC_Error_Count (makosa ya mawasiliano kati ya diski na mashine). Hiyo ikipanda huku sekta ni safi, shuku kebo kabla ya diski.

kipanya_cha_waya
sda ni sifuri. sdb kimya kabisa. Nanakili sasa hivi.

MzeeWaTemino
Safi. Ukimaliza, itoe iliyofeli kwenye RAID: `mdadm /dev/md0 --remove failed`. Kisha `lsblk -o NAME,SERIAL` (orodha ya diski na namba zake za utambulisho), andika namba ya sda, zima mashine, ng'oa ile *isiyo* na namba hiyo. Watu wanang'oa nzima kila siku!

Ukiwasha, rudia lsblk, maana majina huweza kubadilishana. Halafu nakili mpangilio wa patisheni (mgawanyo wa diski):

`sfdisk -d /dev/sda | sfdisk /dev/sdb`

Kushoto nzima, kulia mpya. Ukigeuza, umefuta patisheni za diski yenye data. Mwisho iingize mpya kwenye RAID: `mdadm /dev/md0 --add /dev/sdb1`.

binti_seva
TB 2 za kampuni tofauti huweza kupishana sekta kadhaa. Mpya ikiwa ndogo, mdadm itaikataa. Na kama seva inawaka kwa BIOS kutoka diski hizohizo, usisahau `grub-install /dev/sdb` (inaweka programu ya kuwashia mfumo kwenye diski mpya), la sivyo siku sda ikifa mashine haiwaki ingawa data zipo.

kipanya_cha_waya
Imekubali, inajijenga upya: recovery = 14.6%. Ikiisha nafanya ya grub, nitaleta mrejesho.

MzeeWaTemino
Hiyo iliyokufa usimpe mtu. Fundi mzuri bado anaweza kuisoma.