Beijing 2008, London 2012 au Paris 2024: ufunguzi upi wa Olimpiki ulimfaa mtazamaji wa TV?

Mwenye_Kibanda

Wakuu, habari za jioni.

Nina kibanda umiza hapa Mwanza, mabenchi kumi na mawili na TV mbili ukutani. Mwezi wa saba na wa nane ligi huwa zimesimama na kibanda kinapooza, kwa hiyo Olimpiki ndiyo inayonibeba kila baada ya miaka minne. Juzi wateja wangu wamebishana mpaka saa sita usiku kuhusu ufunguzi upi ulikuwa bora. Nauliza hapa kwa sababu nataka kujipanga mapema kwa Los Angeles, inayofunguliwa tarehe 14 Julai 2028.

Nalinganisha tatu nilizoonyesha. Rio 2016 ilianza saa 8 usiku kwetu, sikufungua. Tokyo ilikuwa saa 8 mchana, uwanja mtupu kwa sababu ya korona, watu walichungulia wakaondoka.

Beijing ilianza saa 9 na dakika 8 alasiri kwa saa zetu. Wapiga ngoma 2,008 wakapiga kwa pamoja, na watoto waliokuwa wanatoka shule wakajazana mlangoni na mabegi mgongoni. London ilianza saa 5 usiku. Nilidhani nitakaa peke yangu, lakini watu walibaki, hasa Malkia alipoonekana na James Bond kisha akaja yule Mr. Bean na kinanda chake. Paris ilianza saa 2:30 usiku, muda mzuri kuliko yote, na ndiyo iliyowapoteza wateja mapema zaidi. Kufika saa 4 nilikuwa na watu tisa.

Simuulizi aliyekuwa uwanjani. Namuuliza aliyekaa kwenye benchi kama la kwangu. Ipi, na kwa nini?

Nawasilisha.

---

Mtoto_wa_Temeke

Beijing, mkuu, na nina sababu ya moyoni. Mwenge wa Beijing ulipita Dar es Salaam tarehe 13 Aprili 2008, mji pekee wa Afrika kwenye safari yake. Ulitoka stesheni ya TAZARA ukaenda mpaka Uwanja wa Taifa mpya. Nilikuwa kidato cha pili, nimesimama kando ya barabara. Miezi minne baadaye naona kwenye TV Li Ning ananing'inia kwa kamba, anakimbia hewani kuzunguka ukingo wa juu wa uwanja mzima mpaka anawasha mwenge. Nilihisi ule moto naujua.

Kitu kimoja tu kilituudhi nyumbani. Gwaride la mataifa lilipangwa kwa idadi ya mikwaju ya herufi za Kichina. Baada ya Ugiriki ikaja Guinea, na Zambia ikawa ya mwisho kabla ya wenyeji. Hakuna aliyejua Tanzania inakuja saa ngapi. Marehemu bibi alikataa kwenda kuswali Alasiri kwa wakati akiogopa tutapita hayupo, na alipoinuka hatimaye, tukapita.

---

Fundi_Antena

Nafanya kazi ya kufunga madishi, kwa hiyo naomba niweke jambo moja sawa kabla hatujaenda mbali.

Picha mnayoiona siku hizi haipigwi na kituo chenu. Kuna chombo cha Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa kinaitwa OBS, kiliundwa 2001. Hicho ndicho chenye kamera, kinatoa picha moja ya msingi kwa dunia nzima. Kituo kilichonunua haki kinaichukua, kinaweka mtangazaji wake, matangazo ya biashara yake, na kama kinataka, kamera zake chache za nyongeza. Ukiona mtu wa Kampala anausifu ufunguzi na wa Lindi anaulaumu, mara nyingi wameona picha ileile. Walichotofautiana ni sauti na mikato.

Na picha yenyewe si lazima iwe kweli tupu. Zile nyayo za fataki zilizotembea angani Beijing kuelekea uwanjani, 29 jumla, fataki zililipuliwa kweli, lakini sehemu ya tuliyoiona kwenye TV ilikuwa imetengenezwa kwa kompyuta kabla ya siku yenyewe. Waandaaji walikiri. Vilevile yule mtoto mwenye gauni jekundu alikuwa anafungua mdomo tu, sauti ilikuwa ya mtoto mwingine aliyefichwa kwa sababu ya sura yake. Hilo la pili liliniuma kuliko fataki. Yule mtoto aliyeimba alistahili kuonekana na mama yake.

---

Mtoto_wa_Temeke

Fundi, hilo la mtoto nakubaliana nawe kabisa. Hata hivyo, zile ngoma hazikuwa za kompyuta.

---

Binti_wa_Iten

Hamjambo nyote. Mimi ni wa London.

Kila timu ilipoingia, kulikuwa na mtoto aliyebeba kipande cha shaba kama petali ya ua. Hatukuelewa ni cha nini. Vipande 204. Mwishoni vikawekwa chini kwenye duara, vijana saba wasiojulikana wakaviwasha, vikainuka kimoja baada ya kingine vikaungana kuwa moto mmoja. Mama yangu aliuliza, "Cha Kenya ni kipi?" Tukawa tunakitafuta kwenye skrini, ingawa haiwezekani kukitambua. Beijing ilitufanya tushangae. London ilitufanya tujitafute, na kwangu hiyo ndiyo tofauti.

Lakini kaka Mwenye_Kibanda, ufunguzi ni usiku mmoja. Kuna siku kumi na sita baada ya hapo, na huko ndiko tunakoumizwa. Kituo kimoja tulichokuwa tunategemea kilikuwa na tabia: mita 10,000 ikifika mzunguko wa kumi na tano wanaondoka, wanatuonyesha mkuki, kisha tufe, kisha matangazo ya biashara. Wakirudi, mtu amekwisha chomoka na hatukuona alichomokea wapi. Kwa mtu wa kwetu, hapo katikati ndipo mbio zilipo. Mzunguko unaopigwa kwa sekunde 67, halafu ghafla mmoja anaingiza wa 62, shingo za wengine zinakaza, mmoja anatazama nyuma. Sisi tumekulia kando ya barabara za vumbi tukitazama hivyo. Anayeona mwisho tu amesimuliwa.

Ndiyo sababu nafikiri mita 800 hupendeza kwenye TV kuliko mbio zetu nyingine zote: haiwapi nafasi ya kukata. Rudisha, 9 Agosti 2012, aliongoza tangu mwanzo bila mtu wa kumvuta, dakika 1:40.91, rekodi ya dunia. Niliona kila hatua yake. Wanyonyi Paris vilevile, 1:41.19, akimwacha Arop wa Canada kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Baba alisimama akamwagia wageni chai.

Na usiku wa 5 Agosti 2024 sitausahau. Mita 5,000 wanawake, Chebet dhahabu, Kipyegon fedha. Tunashangilia, mara tunaambiwa Kipyegon ameondolewa kwa kumzuia Tsegay wa Ethiopia. Matangazo yakafungwa hivyo. Mama akazima TV akaenda kulala bila kula. Mimi nikabaki na simu gizani, na baadaye usiku huohuo ikatoka habari kwamba rufaa imekubaliwa, fedha imerudi. Nilimwamsha. TV ilikuwa imetuacha kwenye huzuni, simu ndiyo iliyomalizia.

---

Ughaibuni_Ohio

Dada wa Iten, pole. Huku Marekani London 2012 tuliipata kwa njia ya ajabu. Ufunguzi uliendelea mchana wa huku, ndugu zangu Tanga wananiandikia ujumbe kuhusu Malkia na parachuti, na mimi TV yangu inaonyesha kipindi kingine. Kituo chenye haki kiliuhifadhi kikaurusha usiku watu wakiwa wametoka kazini, kwa ajili ya matangazo ya biashara. Na walikata kipande: ile ngoma ya kuwakumbuka waliofariki, wakaweka mahojiano na mwogeleaji Michael Phelps. Watu walikasirika sana.

Paris mambo yalibadilika. Ufunguzi ulikuwa laivu mchana, na kwa kulipia programu ya simu unaona kila mchezo, kila kamera. Nilitazama marathoni ya wanawake yote, saa 2:22 na ushee, bila mtu kunihamisha. Sifan Hassan na Tigst Assefa wakigongana viwiko mita za mwisho, Hellen Obiri nyuma yao akichukua shaba. Ilikuwa usiku wa manane kwangu na sikusikia usingizi. Kwa maoni yangu ukitaka michezo, programu. Ukitaka ufunguzi, TV kubwa na watu.

---

Mwalimu_Bujumbura

Naomba kuitetea Paris, maana naona inaachwa peke yake.

Makosa yalikuwepo, sikatai. Bendera ya Olimpiki ilipandishwa juu chini. Korea Kusini ikatambulishwa kwa jina la Kaskazini. Siku mbili baadaye Sudan Kusini kwenye mpira wa kikapu wakapigiwa wimbo wa taifa wa Sudan, na kwa watu waliopata nchi yao 2011 baada ya vita virefu hilo si kosa dogo. Kile kipande cha watu mezani, kilichoonekana kama mzaha wa Karamu ya Mwisho, kiliwakwaza Wakristo wengi, nami ni mmoja wao, na waandaaji waliomba radhi.

Lakini je, mlimwona yule mpiga piano? Mvua inanyesha, piano iko wazi, maji yanasimama kwenye mbao nyeusi kama jasho, vidole vinateleza na hasimami. Kamera ilisogea karibu kabisa. Hakuna kompyuta pale. Kisha mwishoni kabisa Céline Dion, mgonjwa aliyekuwa hajapanda jukwaani kwa miaka, anaimba kwenye Mnara wa Eiffel, shanga za gauni lake zinang'aa kwa mvua. Mke wangu alilia. Watu tisa waliobaki kwako, mzee, waulize kama wanajuta.

---

Mwenye_Kibanda

Mwalimu, umenigusa. Wale tisa hawakujuta. Mmoja ni dereva wa bodaboda, alikaa mpaka mwisho na kofia mapajani.

Ila niseme kilichowaondoa wengine. Si mvua. Mashua 85 zinapita, zaidi ya nchi 200, na kila mara kamera inaacha mashua inaenda kwenye dansi juu ya paa. Nchi ndogo zimewekwa mashua moja, tatu nne pamoja. Tulisubiri kuwaona vijana wetu. Walipopita ilikuwa kufumba na kufumbua, mtu aliyekuwa nje anachukua soda hakuwaona. Uwanjani kila nchi inatembea kwa miguu yake na jina lake mbele.

---

Mkivu_Nairobi

Mkuu, ulikosa kilichokuwa bora kwa kulala. Rio 2016.

Mimi ni wa Bukavu, nilikuwa macho saa hizo. Kwanza kabla ya mwenge aliingia Kipchoge Keino na watoto wenye vishada, akapewa tuzo mpya ya Olimpiki, wa kwanza kabisa kuipata. Mzee wa Kenya, katikati ya uwanja wa Maracanã. Na mwishoni mwa gwaride, kabla tu ya wenyeji Brazil, ikaingia timu ya wakimbizi kwa mara ya kwanza katika historia. Watu kumi. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, bendera ilishikwa na Rose Nathike Lokonyen, na Tegla Loroupe ndiye mkuu wa msafara. Wawili walikuwa wacheza judo wa Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika. Uwanja mzima ukasimama. Mtangazaji alinyamaza, na nilimshukuru.

Sisi tuliokuwa tukitazama chumbani tulikuwa watu sita na wanne kati yetu tulikuwa na karatasi za ukimbizi. Nimeona fataki nyingi, lakini hizo sekunde ndizo ninazozikumbuka.

---

Babu_wa_Mbulu

Vijana, shikamooni mnatupa wenyewe, mimi naitikia marahaba. Nasomewa na mjukuu, naandikiwa.

Mwaka 1968 hatukuwa na TV huku. John Stephen Akhwari ni wa kwetu. Marathoni ya Mexico alianguka, goti likaumia, akafungwa bandeji akaendelea. Alifika zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, saa 3:25:27, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Watu wengi walikuwa wameshaondoka. Kama hakuna mpiga picha aliyebaki, dunia isingemjua. Sisi wenyewe tulimwona anaingia uwanjani miaka mingi baadaye, kwenye mkanda, na bandeji inaning'inia. Kwa hiyo nawauliza hao wanaopanga kamera: je, wanabaki mpaka wa mwisho?

---

Binti_wa_Iten

Shikamoo babu. Umesema jambo ambalo nimelizungukia kwa aya tano.

---

Fundi_Antena

Shikamoo mzee.

Mwenye_Kibanda, ushauri wa kiufundi kabla hujafunga mjadala. Usije ukaweka TV moja kwa dishi na nyingine kwa intaneti kwa tukio lilelile. Ya intaneti inachelewa, wakati mwingine nusu dakika au zaidi. Upande mmoja utashangilia, upande wa pili utajua matokeo kabla ya kuona. Nimeona ugomvi kwa sababu hiyo. Weka matukio tofauti: TV moja uwanja wa riadha kupitia dishi, ya pili programu kwa mchezo mwingine. Na uhesabu bando, kutazama saa tatu kwa picha nzuri kunakula gigabaiti nyingi.

---

Mwenye_Kibanda

Shikamoo babu, na asanteni wote.

Nimewasomea wateja majibu yenu leo jioni. Wamepiga kura kwa mikono, London imeshinda, Beijing ya pili. Paris imepata tisa, mnaweza kukisia ni akina nani. Rio nimeulizwa kwa nini sikufungua, nikakosa jibu.

Los Angeles iko nyuma yetu kwa saa kumi. Jioni yao ni alfajiri yetu, kwa hiyo fainali za usiku za riadha zitatukuta na uji na maandazi, na safari hii riadha inakuja wiki ya kwanza badala ya kuogelea. Marathoni ikianza asubuhi kwao, huku ni jioni, kibanda kitajaa. Nimeamua dishi litakaa kwenye riadha, na Fundi naomba nikupigie kuhusu hiyo programu.

Na nimemwambia kijana wangu anayeshika rimoti: mkimbiaji wa kwanza akimaliza, asibadilishe stesheni mpaka wa mwisho apite.