Kazini wananiita "Zanate", sasa mgeni kaniita "chango". Ni utani au dharau?

Mwana_Kasulu

Wakuu habari za majukumu. Naomba msaada wa wenye Kihispania chao, hasa mliokaa na Walatino kwa karibu.

Nipo Iowa, Marekani, kiwanda cha bata mzinga, zamu ya usiku. Kwenye laini yetu Waswahili tupo wachache, wengi tumepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Waliobaki ni Wamexico, Waguatemala, Wahondurasi na Wasalvador, na msimamizi ni mama mmoja wa Puerto Rico. Kihispania nimekiokota hapohapo, bata anapita kwenye ndoano, mkono unakata bawa, sikio lipo kwa jirani. Na hata huyo bata hawakubaliani anaitwaje! Mmexico anamwita guajolote, Mguatemala chompipe, Mhondurasi jolote, Msalvador chumpe, na kwenye karatasi za ofisi kaandikwa pavo.

Sasa kilichonileta. Nina jina la utani, Zanate. Alinipa Mmexico tunayekula naye meza moja, mwenyewe anaitwa Chivo, yaani beberu, na anaitika. Alinionyesha huyo zanate kwenye maegesho: ndege mweusi wa kung'aa, mkia mrefu, kelele kama dalali wa stendi. Nikacheka, jina likanata.

Juzi kaletwa kijana mpya. Nikamwambia asirundike bata mwisho wa laini, akanijibu "ya voy (nakuja), pinche chango". Laini nzima ikanyamaza. Chivo akamkata jicho. Nikiuliza maana yake kila mtu anakuwa bize na kisu chake.

Je, chango ni nini? Na hilo la Zanate nalo nilikatae? La mwisho: nimeambiwa nitaanza kufundisha wageni, wengi wao hawajui Kiingereza kabisa. Maneno gani ya wanyama nisithubutu kuyatamka? Naomba kuwasilisha.

Fundi_Bomba

Mimi najua chango la uzazi tu mkuu 😂 Nakaa hapa nisubiri wajuzi.

Dada_wa_Houston

Pole kaka. Chango ni nyani, kwa Kihispania cha Mexico. Kwingine wanasema mono au mico. Neno lenyewe si tusi. Mama wa Kimexico anaweza kumwita mwanawe changuito akiwa anarukaruka kwenye makochi, na kule kuna wanaume kibao wanaoitwa El Chango tangu shule ya msingi. Lakini "pinche" mbele yake ni sawa na kusema "linyani hili", na aliyelitoa ni mtu asiyekujua, akimwambia mtu mweusi aliyemwelekeza kazi. Walionyamaza walielewa vizuri sana, ndiyo maana hakuna aliyetaka kukutafsiria.

Zanate sasa ni habari nyingine. Ni neno la Kinahuatl, lugha ya asili ya Mexico, kama ilivyo guajolote, tecolote (bundi), zopilote (tai mla mizoga) na mapache (rakuni). Ndiyo, limechaguliwa kwa sababu ya rangi, tusidanganyane. Ila kwa Wamexico jina hupewa kwa kile kinachoonekana: mnene anaitwa Gordo, mwembamba Flaco, mweupe Güero, mwenye pua bapa Chato. Aliyekupa anakula na wewe, na yeye kajipa au kapewa beberu. Ukiona linakukera mwambie tu, hatanuna.

Mzee_Kijiwe

Mnakuza mambo. Walatino kila mtu wanamwita mnyama. Hamfuatilii mpira? Messi ni La Pulga, kiroboto. Julián Álvarez ni La Araña, buibui. Lautaro ni El Toro, Falcao ni El Tigre. Kuna kipa wa Argentina, Germán Burgos, dunia nzima inamjua kama El Mono, nyani, na hajawahi kumshtaki mtu. Mashabiki wa River Plate ya Argentina wanaitwa gallinas, kuku majike, tangu walipopoteza fainali ya Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, mwaka 1966 mbele ya Peñarol ya Uruguay. Sisi wenyewe Yanga tunaitwa vyura kila siku na Jumamosi tunajaza uwanja. Dogo apige kazi.

Dada_wa_Houston

Mzee shikamoo, lakini Burgos ni mzungu. Mzungu akiitwa nyani na wenzake na Mswahili akiitwa nyani na mgeni laini ya kiwandani, hayo si mambo mamoja, na wewe unalijua hilo.

Halafu Yanga wakienda Colombia wasijitambulishe kama vyura 😅 Sapo kule ni mnoko, mtu anayepeleka maneno kwa bosi. Hata Venezuela, Ecuador, Panama na Costa Rica ni hivyohivyo. Guatemala na El Salvador mnoko wanamwita oreja, sikio. Na chawa wa mjini, wale wa kujipendekeza kwa wakubwa, Wakolombia wanawaita lagartos, mijusi.

Wakili_Mtarajiwa

@Mwana_Kasulu kwa upande wa sheria: Marekani ina Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu yake ya saba inakataza ubaguzi na unyanyasaji wa rangi kazini. Haijali tusi limetolewa kwa lugha gani, wala kama aliyelitoa naye ni mhamiaji. Kwa kawaida neno moja mara moja halifikii kiwango cha kesi, linalohesabika ni mwenendo. Kwa hiyo andika leo: tarehe, saa, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, waliokuwepo. Mpe msimamizi taarifa kwa maandishi, ubaki na nakala. Likijirudia, una pa kuanzia. Usimjibu kwa ngumi, na usimjibu kwa mnyama mwingine, maana karatasi itaandika wote wawili.

Mtu_wa_Granada

Nipo Hispania, na naishi nyumba moja na Wadominika na Mperu, kwa hiyo vita hivi navifahamu. Nikupe ya kushika kabla hujaanza kufundisha.

Bicho. Hapa kwetu ni mdudu, au mnyama yeyote usiyemjua jina. Kwa huyo mama wa Puerto Rico ni uume, tena kwa lugha chafu. Ukimwona mende sakafuni sema cucaracha, ukiona mdudu mwingine sema insecto. Usiseme "hay un bicho" mbele ya bosi wako.

Pato ni bata wa kawaida. Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika na Venezuela ni tusi kwa mashoga, na pájaro (ndege) ni hivyo hivyo Cuba na Dominika. Wewe bata wako ni mzinga, mwite pavo, utaeleweka na wote na hakuna atakayekasirika. Ila kwa vijana wa huku Hispania pavo ni "jamaa", na pavos ni hela, kama mnavyosema mapene.

Gato (paka) kwa mwanamume na gata kwa mwanamke: Mexico ni njia ya dharau ya kumwita mtumishi wa ndani. Ajabu ni kwamba wenyeji wa Madrid wanajiita gatos, tena kwa majivuno.

Coche ni gari kwangu na kwa Mmexico. Kwa Mguatemala ni nguruwe. Msalvador na Mhondurasi wanasema cuche. Hapo hakuna tusi, kuna kicheko tu, hasa mtu akikwambia kachinja coche kwa ajili ya Krismasi.

Kuku jike mchanga, polla, hapa usilitamke kabisa. Chile ni bahati nasibu, hata shirika lao la bahati nasibu linaitwa hivyo. Nenda kwa gallina na pollo utakuwa salama.

Mwana_Kasulu

Wakuu asanteni sana. Mtu_wa_Granada umenifungua macho: kuna mama wa El Salvador kila mapumziko anaonyesha picha za simu na kusema "mis bichos", na msimamizi anageuka ukutani mabega yanatikisika. Nilidhani anafuga.

Mtu_wa_Granada

Hahaha, ni watoto wake! El Salvador bicho ni mtoto. Huyo mama usimwambie lolote, msimamizi amwambie mwenyewe. Na akisema kitu ni "chivo" anamaanisha kizuri. Serikali yao mwaka 2021 ilipoleta bitcoin, ile pochi ya kwenye simu waliipa jina hilohilo, Chivo.

Fundi_Bomba

Na lile "güey" ninalolisikia kwenye tamthilia kila baada ya maneno mawili?

Dada_wa_Houston

Hilo limetoka kwa buey, maksai. Zamani kumwita mtu maksai ilikuwa kumwambia ni zuzu. Sasa hivi kwa vijana wa Mexico ni "mwana", "kaka", hata wasichana wanaitana hivyo. Lakini kwa mzee au bosi, hapana. Na cuate, rafiki, linatoka kwa coatl, ambalo kwa Kinahuatl ni nyoka na pia pacha. Chivo akikuita cuate mwitikie.

Mzee_Kijiwe

Marahaba binti. Basi la nyani nimelisoma tena, lile "pinche" sikuwa nalijua. Dogo, fuata ya wakili.

Kadogo_wa_Uvira

Ndugu yangu, mimi niko kiwanda cha nguruwe huku Missouri, lilinipata hilo hilo. Nilimfuata yule mtu wakati wa mapumziko, bila hasira, nikamwambia mbele ya wenzake: "A mí no me digas chango. Me llamo" (mimi usiniite chango, naitwa) na jina langu lote. Ile laini ikamcheka yeye. Lakini taarifa pia nilipeleka. Fanya vyote viwili, na mchukue huyo Chivo awe shahidi, maana alisikia.

Kuna kamusi ya Kihispania cha Amerika iliyotolewa na akademia za lugha hiyo, Diccionario de americanismos ya 2010, ipo bure mtandaoni. Kila maana wameweka kifupi cha nchi: Mx, Gu, Ho, ES, PR. Mimi kila neno jipya la laini nalitafuta humo kwanza kabla ya kulirudia.

Mwana_Kasulu

Nimeandika tayari, tarehe na kila kitu, na Chivo kakubali kutajwa. Kanieleza pia kwa nini hakunitafsiria: alisema aliona haya yeye. Nitamwona msimamizi kesho kabla ya zamu. Zanate nabaki nalo kwa sasa.

Swali la mwisho: huyo kijana mpya wenzake wanamtania "pollo", naye hapendi hata kidogo. Hilo nalo lina nini? Kuku si chakula tu?

Dada_wa_Houston

Hilo usiliingie. Mpakani coyote ni mtu anayevusha wahamiaji kwa pesa, jina lake jingine pollero, na wanaovushwa ndio pollos. Wanamkumbusha alivyoingia. Ukiwa unamfundisha, mwite kwa jina lake.