Uniti za LUKU haziufikishi mwezi: je, kuzima friji usiku kunasaidia?

Mpangaji wa Buzuruga

Mwangaluka, wanajukwaa. Tunaishi watu watano katika nyumba ya kupanga hapa Buzuruga, jijini Mwanza, na mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni yetu peke yetu, hatuchangii na mpangaji mwingine. Fedha iliyotutosha kwa umeme wa mwezi mzima tulipokuwa Igoma, huku haitufikishi hata katikati ya mwezi. Jirani mmoja ametushauri tuzime friji kila usiku, na mwingine amesisitiza kwamba tuchomoe chaja zote za simu ukutani. Tuna friji ya milango miwili, televisheni, pasi, jagi la umeme la kuchemshia maji, taa za LED katika kila chumba, na hita ya papo kwa papo ambayo mwenye nyumba aliifunga bafuni. Kupika tunapikia gesi. Naomba ushauri hasa kuhusu friji, kwa sababu mke wangu hakubaliani kabisa na wazo la kuizima: akienda mwaloni, kwenye soko la samaki, hununua sato wa wiki nzima, na anahofia wataharibika.

Fundi umeme, Nyakato

Ndugu Mpangaji, shemeji yuko sahihi. Kazi ya friji ni kutoa nje joto linalopenya ndani, kwa hiyo ukiizima usiku joto litaendelea kuingia polepole, na asubuhi mota itazunguka mfululizo ili kulitoa. Utakachookoa ni kidogo sana, ilhali samaki anayekaa saa nyingi katika joto linalozidi nyuzi 5 huanza kuharibika hata kabla hajanuka. Chaja isiyo na simu nayo hutumia chini ya wati moja. Ichomoeni kwa usalama mkipenda, lakini msitegemee kuona tofauti kwenye mita.

Kifaa kilichonishtua ni kile ulichokitaja mwishoni kabisa. Hita za papo kwa papo za bafuni kwa kawaida huandikwa kati ya wati 3,500 na 5,500. Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja. Tuchukulie yenu ni ya wati 5,000. Mtu mmoja akioga kwa dakika 10 anakuwa ametumia takriban uniti 0.8, na watu watano wakioga mara moja kwa siku wanamaliza uniti 4, yaani zaidi ya uniti 120 kwa mwezi, kabla friji haijahesabiwa. Kwa uniti hizo 4 za siku moja, taa yenu ya LED ya wati 9 ingewaka kwa zaidi ya saa 400. Watu wengi hugombana na watoto kuhusu taa ya ukumbini huku kinachomaliza umeme ni kile kinachozalisha joto: hita, jagi, pasi, jiko la umeme.

Usiniamini kwa maneno matupu. Soma uniti zilizobaki kwenye mita kabla mtu hajaingia kuoga, kisha usome tena akitoka, vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Friji nayo ipimeni kwa njia hiyo hiyo usiku kucha, ikiwa imeachwa peke yake.

Mama Sato, Kirumba

Mimi nauza samaki, kwa hiyo nitazungumzia friji tu. Funga karatasi katikati ya mlango, kisha uivute. Ikichomoka bila kukaza, mpira wa mlango umechoka na ubaridi unavuja mchana na usiku. Isogezeni friji mbali kidogo na ukuta ili mgongo wake upumue, na barafu ikiwa nene kwenye kuta za sehemu ya kugandisha, iyeyusheni. Mwambie mkeo awagawe sato katika mifuko midogo ya mlo mmoja mmoja, ili asifungue mlango na kupekua rundo lote kwa ajili ya samaki wawili. Samaki wa kesho amshushe sehemu ya chini tangu leo jioni: atayeyuka taratibu, na ubaridi wake utaisaidia friji badala ya kupotelea jikoni.

Mwalimu mstaafu, Nyegezi

Wenzangu wameeleza matumizi vizuri, lakini hakuna aliyegusa bei, na mimi nashuku nusu ya tatizo iko huko. Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, ambalo ni la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja wa kundi la T1, ambalo ni la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 tangu uniti ya kwanza. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, uniti ya D1 inafika shilingi 122 na ya T1 takriban shilingi 356. Maana yake ni kwamba shilingi 10,000 zinampa mteja wa T1 uniti 28 hivi, wakati mteja wa D1 anapata zaidi ya 75.

Inawezekana kabisa kwamba nyumba ya Igoma ilikuwa D1 na hii ya Buzuruga ni T1. Angalia ujumbe wa tokeni, gawanya fedha kwa uniti ulizopewa, na utajua. Usitumie ununuzi wa kwanza wa mwezi kwa hesabu hiyo, kwa kuwa kodi ya jengo hukatwa humo.

Mpangaji wa Buzuruga

Nawashukuru sana, wazee wangu. Nimegawanya: ni 356. Hita nitaizima leo hii, ila asubuhi za Juni na Julai upepo wa ziwani huwa mkali na tuna mtoto mdogo. Tufanyeje?

Fundi umeme, Nyakato

Chemsheni lita 2 kwenye jagi, mzichanganye na lita 8 za maji ya bomba ndani ya ndoo. Hapa kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa kuwa ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchanganyiko huo utawapa ndoo ya karibu nyuzi 38, inayotosha mtu mmoja. Gharama yake ni kama uniti 0.2. Tangulizeni maji ya baridi kwenye ndoo, ndipo mmimine ya moto, na mtoto asiwe karibu. Ile koili ya kutumbukiza kwenye ndoo msiinunue. Bei yake ni ndogo, lakini nimeshaitwa kwenye nyumba ambako ilimrusha mtu.