Kikundi: Kambi ya Wavulana Luchelele (wazazi na walezi)

Jumapili

Mwalimu 17:08
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Poleni na mvua. Nawaandikia hapa msije mkalisikia njiani. Kambi ya Juni mwaka huu sitaiongoza. Barua nimempa Mchungaji na kamati, wamenisikiliza na wameipokea. Siumwi, sina ugomvi na mtu, wala sihami Mwanza. Nang'atuka. Nafasi anaishika Masanja, ambaye wengi mnamjua tangu analala hema la darasa la tano.

Mama Neema 17:11
Amina. Ngoja nikae kwanza.

Baba Kulwa 17:15
Shikamoo Mwalimu. Mimi kusema kweli sijafurahi. Kulwa na Doto nilishawaambia mwaka huu wanaenda wote wawili, na nilikubali kwa sababu ni wewe. Masanja simkatai, kijana mzuri, ila hata mtoto hana. Watoto wa kiume kando ya ziwa si mchezo

Mwalimu 17:24
Marahaba Baba Kulwa. Asante kwa kusema wazi. Nitajibu kwa kirefu, mnivumilie.

Hiyo "kwa sababu ni wewe" ndiyo inayoniondoa. Mwaka jana pale getini wazazi walisaini fomu bila kuisoma. Nikisema someni, jibu ni "tunakuamini Mwalimu". Fomu inauliza kama mtoto ana pumu au kifafa. Inaomba ruhusa ya kumfikisha hospitali, na namba ya kupiga usiku wa manane. Na ina sharti kwamba hakuna mtu mzima, awe mimi au Mchungaji, atakayekaa na mtoto mmoja peke yao mahali wasipoonekana. Sharti hilo haliulizi kama mtu ni mwema. Tukianza kuwaruka wema kwa kuwa tunawapenda, siku moja tutamruka asiye mwema. Na mtoto atakayeumia atakosa pa kusemea, maana mtaa mzima unamsifu aliyemuumiza. Sitaki kambi yetu iwe na mtu asiyeulizwa. Nimeona naanza kuwa mtu huyo.

Mama Neema 17:29
Mwalimu, naomba nikuulize hapa hapa mbele ya wote, unisamehe. Kuna jambo limetokea?

Mwalimu 17:31
Hakuna Mama Neema. Na usiombe msamaha, hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri mlizoee. Muulize na Masanja kila mwaka.

Mchungaji 17:34
Nathibitisha. Kamati ilikaa na Mwalimu, tukaongea pia na walezi wa mahema. Ameondoka kwa hiari na kwa amani. Na namba 116 ya kusaidia watoto itaandikwa kwenye kila hema, ni ya bure, mvulana yeyote apige bila kuomba ruhusa.

Mama Neema 17:35
Basi nimepumua. Asante Mchungaji.

Mzee wa Igoma 17:52
Mwangaluka nyote japo ni jioni. Mwanangu Mwalimu, umefanya jambo la kiume. Ila mimi mzee nina shauri. Mwalimu Nyerere aliacha urais 1985 lakini uenyekiti wa chama akaushika mpaka 1990, ili mwenzake azoee. Na wewe ubaki mlezi wa kambi. Uwe unakuja, unakaa kwenye kiti, kijana anafanya kazi wewe ukimwangalia.

Mwalimu 18:03
Shikamoo mzee wangu. Shauri lako nimelibeba, ila kwa heshima nalikataa kwa mwaka huu. Nchi ni kubwa, ina chama na ina serikali, watu wanaweza kujua hili ni la nani na lile ni la nani. Kambi ni wavulana na moto mmoja wa jioni. Nikikaa kwenye kiti, mvulana akiambiwa na Masanja azime tochi, atageuka kwanza anitazame mimi. Masanja ataongea, macho yatakuwa kwangu. Acha nikose mwaka mmoja mzima. Mwaka wa pili akinialika nitakuja kama mgeni na nitaondoka baada ya chai.

Mzee wa Igoma 18:06
Nimekuelewa. Una hoja.

Mchungaji 18:10
Hesabu 27. Bwana hakumwambia Musa amkabidhi Yoshua uongozi faraghani. Yoshua alisimamishwa mbele ya Eleazari kuhani na mbele ya mkutano wote, akawekewa mikono wote wakiona. Na Musa alikuwa bado ana nguvu, Kumbukumbu la Torati inasema jicho lake halikupofuka. Jumapili ijayo ibada ya pili tutafanya hivyo. Wavulana wote wakae mbele tafadhali.

Masanja 18:31
Shikamooni wazazi wangu. Nilikuwa nasoma tu naogopa kuandika 🙏🏾 Baba Kulwa umesema kweli, sina mtoto. Lakini nilifika kambi ile nikiwa mtoto asiye na baba, na nakumbuka yote ambayo mvulana haoni aibu kumwambia mwenzake ila anaona aibu kumwambia mtu mzima. Nitaomba wazazi wawe zamu kila usiku, wawili wawili, si mapambo, mlale pale. Na Mwalimu nimemwomba kitu kimoja, anipe yaliyomo kichwani, si funguo za stoo tu.

Mwalimu 18:40
Nimeanza kuyaandika kwenye daftari, na mengine nayasema hapa ili kikundi kizima kiyajue, yasihamie tena kwenye kichwa cha mtu mmoja.

La kwanza, tarehe. Wengi hudhani tarehe ya kambi hupangwa kwa kalenda ya shule. Shule ikishafunga, mimi huangalia mwezi. Kambi lazima iangukie mbalamwezi.

Mama Neema 18:41
Kwa ajili ya taa?

Mwalimu 18:47
Hapana. Dagaa huvuliwa gizani. Mtumbwi unatoka na taa, dagaa wanaifuata taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi inalala. Usiku wa giza wavulana wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanahitajika: kushika taa, kuvuta nyavu, asubuhi kuanika. Ukiweka kambi kwenye giza, utapata watoto wa wafanyakazi wa ofisini tu. Wale wanaoihitaji kambi kuliko wote, wale ambao mwalimu wa darasa hawaoni wiki nzima, hawatakuja, na baba zao hawatawaruhusu kwa sababu ni siku za riziki. Mwaka huu mwezi mpevu uko mwishoni mwa Juni. Masanja, tarehe 5 usiikubali hata kamati ikikubana.

Baba Kulwa 18:55
Mwalimu
Mimi nina mtumbwi wa dagaa. Miaka yote nimekuwa nikisema Mungu ni mwema kambi haigongani na giza langu. Sikujua kuna mtu alikuwa anapiga hesabu

Baba Kulwa 18:56
Kulwa na Doto wanakuja. Na zamu ya usiku niandikeni mimi. Mbalamwezi sina kazi nyingine

Masanja 18:57
Asante sana baba. Nimekuandika wa kwanza.

Nesi 19:20
Habari za jioni, nimetoka zamu sasa hivi. Naongezea la maji maana Mwalimu amenipigia. Kichocho hakitokani na kunywa tu kama wengi wanavyodhani. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini, vinaingia kwa kupenya ngozi, na inachukua dakika chache. Pabaya zaidi ni maji yaliyotulia yenye magugu, saa za jua kali, ndipo wavulana wanapopenda kuchezea. Hivyo utaratibu wa kambi ubaki ule ule: hakuna kuogelea ufukweni. Maji ya kuoga yavutwe kwenye simtanki, yakae siku mbili ndiyo yatumike, vimelea vinakuwa vimekufa. Ya kunywa yachemshwe. Na wazazi, dawa ya kichocho mtoto anayopewa shuleni inaua minyoo iliyomo mwilini siku hiyo, haimzuii kuambukizwa tena kesho. Mtoto akikojoa damu au akiumwa tumbo muda mrefu, aletwe kituoni.

Mama Neema 19:22
Watalia kuhusu kuogelea.

Nesi 19:23
Walie.

Masanja 19:41
Kuna jambo nataka kuuliza. Wavulana wanaomba mwaka huu tuwapeleke kisiwa cha Saanane kwa boti, wakaone wanyama. Ni karibu sana na mjini. Mwalimu unasemaje?

Mzee wa Igoma 19:44
Boti! Mimi nakaa Igoma, makaburi ya watu waliozama na MV Bukoba nayapita kila siku. 21 Mei 1996. Ile meli ilikuwa imeshakaribia Mwanza. Na MV Nyerere 20 Septemba 2018 ilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, watu wa nchi kavu wanaiona. Usiniambie habari ya karibu.

Baba Kulwa 19:47
Mzee ni kweli ila ziwa ndilo shamba letu. Watoto wetu watalikimbia mpaka lini? Saanane ni hifadhi ya taifa, boti zao zina maboya. Afadhali wajifunze kuvaa boya na kukaa chini kuliko kujifunza kwa kudandia mtumbwi

Mama Neema 19:48
Maboya ya saizi ya mtoto yapo? Hilo ndilo swali. La mtu mzima linamvuka kichwani mtoto wa darasa la tano.

Masanja 19:52
Mwalimu?

Mwalimu 20:05
Masanja, nimeona swali lako. Nina maoni, na siyasemi. Siku ambayo nitakuwa najibu hili, bado sijang'atuka. Umesikia wazee, umesikia mvuvi, umesikia mama. Kaa na kamati muamue, na mkishaamua nitaunga mkono mbele ya kila mtu, hata kama si ambavyo ningefanya.

(Wapendwa, kunyamaza hapa ni kugumu kuliko kuandika ile barua. Niombeeni.)

Bibi yake Elia 20:20
[ujumbe wa sauti, Mama Neema ameuandika kwa wasio na bando]
"Haya, mimi sijui kuandika humo, nasema. Huyu Elia mjukuu wangu nilimleta kambini hasemi na mtu, mama yake ameshafariki, baba yuko visiwani huko hatujui. Mwalimu hakumhubiria. Alimpa kazi ya kugawa sabuni. Kila asubuhi kila mvulana lazima aje kwa Elia, aseme naomba sabuni, Elia aseme chukua. Ndiyo akaanza kusema. Sasa mimi naomba huyo kijana mpya asiache ile kazi ya sabuni. Mengine fanyeni mnavyojua. Mwalimu, baba, Mungu akuweke, tumekuona."

Mwalimu 20:24
Asante mama yangu. Nimesikia.

Masanja 20:25
Bibi, sabuni haiachwi. Mwaka huu Elia amfundishe mvulana mwingine kugawa, yeye nampandisha kwenye zamu ya kengele.

Mama Neema 20:27
Sasa na mimi niseme langu. Jikoni nabaki, lakini nataka wasaidizi wavulana, si mabinti wa kwaya kila mwaka. Wasonge ugali wenyewe, waoshe sufuria wenyewe. Masanja hilo unalikubali au niondoke na Mwalimu?

Masanja 20:28
Nalikubali kabisa mama. Kila hema siku yake.

Jumanne

Masanja 21:16
Shikamooni wazazi wangu. Kamati imekaa leo. Boti mwaka huu hapana. Nimepiga simu kuuliza maboya ya watoto, sikupata uhakika kwamba yatatosha kila mvulana, na nusu ya uhakika siitaki majini. Tunaenda Bujora pale Kisesa kwa basi, makumbusho ya Wasukuma, wakaone ngoma za watemi, wale machifu wa zamani, na nyumba za kale. Mwaka ujao kamati itafute maboya mapema, ndiyo tuijadili tena Saanane. Wavulana nitawaambia mwenyewe Jumapili, wakinuna nitakuwepo.

Baba Kulwa 21:20
Umeamua kama mtu mzima. Mimi nilitaka boti ila hapo sina neno

Mzee wa Igoma 21:22
Mungu akubariki. Bujora nami nitakuja, ngoma zile kuna ninazozijua habari zake.

Mwalimu 21:30
Naunga mkono.

Mama Neema 21:33
Vizuri. Sasa michango. Nani anashika hela? Isiwe simu ya mtu mmoja.

Katibu 21:37
Akaunti ya kanisa, saini mbili, ya Masanja na ya Mama Mhazini. Kila Ijumaa naweka hapa picha ya risiti zote. Anayetaka kuchangia vitu badala ya hela, orodha ni hii: mchele, maharage, dagaa, michembe (viazi vitamu vikavu), sabuni za mche, kuni. Fomu mpya zipo ofisini, na hakuna mtoto atakayepokelewa getini kama mzazi hajazisoma mbele ya mlezi wa zamu.

Baba Kulwa 21:40
Dagaa debe mbili ni za kwangu. Za jua safi, hazina mchanga

Bibi yake Elia 21:44
[ujumbe wa sauti; Mama Neema ameuandika]
"Michembe ninayo. Mje kuichukua, mimi siwezi kubeba."

Masanja 21:45
Nakuja Alhamisi jioni bibi, na Elia anisubiri tubebe wote.