Jukwaa linaanza kulipisha: nikubali masharti mapya? Na masomo ya zamani niyafungie?

UziMweupe:

Habari zenu wakuu. Nafundisha kushona kwa video. Nina masomo 212. La kwanza ni kutia uzi kwenye cherehani, la mwisho nililopakia juzi ni kola ya shati. Kwa miaka sita yote yametazamwa bure, na kidogo ninachopata kinatokana na matangazo.

Wiki iliyopita jukwaa ninalotumia limetuandikia. Kuanzia mwezi ujao kutakuwa na huduma ya kulipia kila mwezi. Anayelipa haoni matangazo, anaweza kupakua video, na anafunguliwa "maudhui maalumu". Sisi tunaopakia tunatakiwa kukubali masharti mapya, na asiyekubali video zake zitafichwa. Wametupa pia kitufe cha kufungia video yoyote, hata ya zamani, ibaki kwa wanaolipa tu.

Jana nilikaa mbele ya kitufe hicho karibu saa nzima. Somo la 17, zipu ya kuficha, ndilo linalotazamwa kuliko yote. Nikilifungia hilo moja huenda nikapata zaidi ya ninachopata sasa kwa yote. Ila chini yake kuna maoni ya dada aliyesema alilirudia mara tisa usiku mmoja, na kulipokucha akamkabidhi mteja wake wa kwanza gauni. Kila nikimkumbuka, mkono unakataa kubonyeza.

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

KinandaChaJioni:

Pole na hongera kwa masomo 212, najua kazi iliyomo. Mimi nafundisha kinanda kwa video na nimewahi kusimama hapo hapo ulipo.

Kuhusu masharti. Huo mtindo wa "kubali au ufichwe" si mgeni. YouTube walipoanzisha YouTube Red nchini Marekani, Oktoba 2015, kwa dola 9.99 kwa mwezi, waliwaambia washirika wao jambo hilo hilo, na aliyekataa video zake zilifichwa kwa watazamaji wa huko. Walio wengi mno walikubali. Sababu yao ilikuwa na mantiki: huwezi kumuuzia mtu huduma isiyo na matangazo, halafu nusu ya video zikawa na matangazo. Kwa hiyo sikushauri ukatae kwa hasira tu. Soma kwanza.

Ukisoma, tafuta kifungu cha haki. Wakati ule video nyingi za ESPN, televisheni ya michezo ya Marekani, zilitoweka YouTube huko Marekani, kwa sababu haki walizokuwa nazo hazikuruhusu huduma ya kulipiwa. Kama umeweka muziki wa mtu chini ya masomo yako, hakikisha ruhusa uliyopewa inagusa pia video inayolipiwa. Mimi ilibidi niondoe sauti kwenye masomo manane.

Kisha tafuta namna wanavyogawa pesa. Hapa ndipo watu wengi wanapopita haraka, na ndipo riziki yako ilipo. Kuna njia mbili. Ya kwanza, ada zote zinamwagwa kwenye chungu kimoja, jukwaa linachukua fungu lake, kinachobaki kinagawanywa kwa saa zilizotazamwa. Ya pili, ada ya kila mtu inagawanywa kwa wale tu aliowatazama yeye. Chukua watazamaji wawili, kila mmoja ametoa 10. Mmoja mwezi mzima ametazama saa 2 tu, zote masomo yako. Mwingine ametazama saa 60 za michezo ya kompyuta. Tuache fungu la jukwaa kwanza. Kwa njia ya pili unapata ile 10 ya mwanafunzi wako. Kwa njia ya chungu unapata sehemu 2 kati ya 62 za ile 20, haifiki hata 1. Mwanafunzi wako amelipa kwa ajili yako, pesa imekwenda kwingine. Sisi tunaofundisha tunatazamwa kwa muda mfupi na kwa makini, chungu hakitupendi. Kama barua yao haisemi ni njia ipi, waandikie waulize.

Sasa masomo ya zamani. Mimi niliyafungia. Kwenye jukwaa moja, miaka mitatu iliyopita, nilichukua masomo yangu 40 ya mwanzo nikayaweka kwa wanaolipa, nikijiambia kwamba kazi yangu ina thamani. Ina thamani kweli. Lakini yale masomo ndiyo yaliyokuwa mlango. Aliyekuwa anaanza hakuniona tena. Waliolipa walikuwa wale wale waliokwisha kunifahamu, tena walikuja kwa ajili ya masomo mapya, yale 40 hawakuyahitaji. Baada ya miezi mitano wageni walikuwa wamekwisha kabisa. Kilichoniuma zaidi ni kijana aliyekuwa amefika somo la 23. Aliniandikia mara moja tu, akauliza kama amekosea kitu hadi akafungiwa. Nilipoyafungua tena hakurudi.

Ulichokwisha kutoa bure, kiache bure. Uza kitu kipya.

Seva7:

Naheshimu maneno ya Kinanda, ila naomba niseme upande mwingine. Nimefanya kazi kwenye mitambo ya kurushia video. Kila mtu akibonyeza, kuna seva inayofanya kazi na njia ya intaneti inayolipiwa. Bure ya mtazamaji ina mtu anayeibeba, na matangazo yakipungua mbebaji anachoka. Hulu, huduma ya Marekani ya kutazama vipindi mtandaoni, ilianza bure kwa matangazo mwaka 2008, mwaka 2010 ikaongeza huduma ya kulipia, na mwaka 2016 ile ya bure ikaondolewa kabisa. Jukwaa lako nalo linaweza kufika huko bila kukuuliza. Kwa hiyo swali la kwanza kwangu ni hili: hizo video 212, nakala zake za asili unazo wewe, au ziko kwao tu?

Jambo jingine. Wanaotaka kulipa, waelekeze walipie kwenye tovuti, kama masharti yanaruhusu. Ile YouTube Red aliyeinunua ndani ya programu ya iPhone alitozwa dola 12.99 badala ya 9.99, maana Apple ilikuwa inakata asilimia 30 ya malipo hayo.

PindoLaSketi:

Mimi ni mtazamaji, najifunza kushona, sijui kama ni kwako au kwa mwingine. Kuondolewa matangazo si kitu cha kunifanya nilipe, matangazo nayavumilia. Ninachoshindwa ni vipimo. Kwenye video mwalimu anakata haraka, nasimamisha, narudisha, mwisho naharibu kitambaa. Mwalimu akiniuzia karatasi ya ramani ya kukatia, na nikaweza kumtumia picha ya nilichoshona aniambie kwapa linavuta wapi, nitalipa kila mwezi bila kulalamika. Lakini zipu nilijifunza bure na nataka mdogo wangu naye ajifunze bure.

KinandaChaJioni:

Pindo amesema nilichokuwa natafuta maneno yake. Huko ndiko uanachama wa chaneli ulikoelekea. YouTube waliwahi kujaribu chaneli za kulipia mwaka 2013, kuanzia dola 0.99 kwa mwezi, ambapo mtu alilipa ndipo aone video. Hazikudumu. Mwaka 2018 wakaleta uanachama: video zinabaki wazi, anayelipa anapata vya ziada na ukaribu na mwenye chaneli, na mwenye chaneli anapata asilimia 70. Mimi sasa hivi wanachama wangu wanalipia jambo moja: Jumamosi wananitumia walivyopiga, nawasikiliza mmoja mmoja na kuwajibu. Ni wachache, nawajua kwa majina.

Na Seva7 yuko sahihi kuhusu nakala. Fanya hilo kabla ya jingine lolote.

UziMweupe:

Nimesoma yote mara mbili. Nakala za asili nilikuwa nazo 180, hizo 32 nyingine nimeanza kuzipakua usiku huu. Muziki niliuweka kwenye masomo sita, nitautoa. Nimewaandikia kuuliza habari ya chungu. Wakijibu nitaweka hapa.

Masomo yote yatabaki wazi. Pindo, ramani ya kola ya shati naichora kesho kwa vipimo vitatu. Kwapa likivuta, mara nyingi tatizo liko kwenye kilele cha mkono, kimekatwa kifupi. Nitumie picha nilione, hilo halina malipo.