Wauza spea mnaosema "inaingia Subaru zote", huwa mnapima na nini? Strati ba imenikatia bolti, gari limelala uani

Wakuu salaam.

Naandika nikiwa na hasira na gari liko uani siku ya tatu, kwa hiyo mnivumilie. Jina la duka silitaji, sitaki kesi. Ila humu wamo na wanasoma.

Nina Subaru Forester ya 2005, toleo la SG5, ya tabo (ile pampu inayosukumia injini hewa). Injini nzima, gia boksi nzima, shokapu nilibadilisha mwaka jana. Mnaoijua Goba, Dar, mnaijua: mlima, kona, tuta, kona nyingine. Ukiingia kona na mwendo kidogo, mbele kunalegea na usukani unachelewa kuitika. Nikaamua kuweka strati ba ya mbele, lile bomba la chini ya boneti linalofunga kichwa cha shokapu ya kulia na cha kushoto ili bodi isijinyonge ukikata kona. Najua siyo maajabu. Kama bushi zimekufa na tairi ni vipara, hata ukiweka reli ya treni haikusaidii. Bushi zangu nzima, tairi mpya. Nilikuwa natafuta kile kidogo cha mwisho tu.

Nikakuta tangazo: aluminiamu, inaingia Subaru zote, laki mbili na ishirini. Nikapiga simu. Nikasema SG5. Nikasema tabo, na neno tabo nikalirudia. "Inakaa bosi, tunawafungia watu kila siku." Nikalipa, ikaja na bodaboda.

Kazi yenyewe, kwa strati ba inayokubaliana na gari, haifiki hata saa moja. Gari linabaki chini kwenye matairi yake. Usilipige jeki, maana ule uzito wa gari ndio unaoizuia shokapu isishuke ukishatoa nati. Kila upande nati tatu, boksi namba 12. Unatoa, unalaza sahani ya ncha ya bomba, unarudisha nati. Ndiyo maana sikwenda gereji.

Kwenye boksi hakuna hata karatasi ya maelezo. Nikawaomba, wakanitumia sauti ya WhatsApp: "Fungua nati zote nne, kaka, kila upande." Nne? Nahesabu naona tatu za pembeni na moja kubwa ya katikati. Nikachukua spana. Bahati nzuri jirani yangu, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, alikuwa kasimama kwenye uzio ananitazama. Shikamoo sijamaliza, akaniwahi: "Kijana, hiyo ya katikati iache kama ilivyo. Hiyo ndiyo imekamata springi."

Wakuu, nilikaa chini kwenye ndoo. Springi ya mbele imebanwa pale na inachokisubiri ni nati hiyo tu iachie. Ukiifungua hovyo, hasa gari likiwa juu ya jeki, inafumuka na nguvu zake zote, na wewe kichwa kimeinama pale pale juu yake. Halafu mtu kakaa dukani na kiyoyozi anakutumia sauti ya sekunde kumi na moja. Kwa laki mbili na ishirini nilikuwa naenda kuvunjwa taya.

Tukaendelea na zile tatu. Sahani ya kushoto ikaingia. Ya kulia, bolti mbili zinaingia, ya tatu inagonga ukingo wa tundu. Nikageuza, nikalegeza bomba katikati, nikavuta, nikasukuma, wapi. Nikapiga simu. "Tanua tundu na grenda, bosi, hizo huwa zinahitaji kurekebishwa kidogo."

Hapa ndipo moto uliniwaka. Faida yote ya kile chuma ni kutocheza. Ukitanua tundu likawa kama yai, sahani inateleza kila gari linapojipinda, na hapo ulichonacho ni pambo la kufungulia boneti mbele ya washkaji. Na kama tundu la kulia haliko mahali pake, maana yake aliyetoboa hajawahi kuweka sahani hiyo kwenye gari langu. Sasa hao watu wa kila siku mnawafungia nini?

Subiri, bado. Bomba lenyewe limenyooka kama rula. Gari ya tabo ina intakula, kile kipoza hewa ya tabo, juu ya injini, chini ya ile pua ya boneti, na strati ba yake inatakiwa ipinde iipishe. Hii yangu imelala juu ya intakula, hata kiberiti hakipiti. Na injini haitulii, inacheza kwenye mauntini zake, vile vishikizo vya mpira, kila ukikanyaga mafuta. Siku mbili tatu bomba lingeanza kusaga zile mbavu za aluminiamu, baadaye naanza kutafuta kwa nini gari halivuti. Hii ni ya gari isiyo na tabo, na hata huko sina hakika.

Bolti je? Wakati nasubiri jibu lao nilisema niukaze upande wa kushoto ulioingia, nione unavyokaa. Sahani ni nene, imekula nyuzi za bolti, nati inashika mizunguko michache tu. Nikauliza ikazwe kiasi gani. "Kaza mpaka igome." Nikakaza. Haikugoma, ilikatika. Ta! Hapa na mimi nina kosa, nilitumia racheti ya mkono mrefu kwenye bolti ya milimita 8. Usiku nikasoma kitabu cha gari: nguvu ya kukaza ni niutoni mita 20. Ishirini! Nati za tairi zinakula zaidi ya mara nne ya hapo. Na ile bolti haichomolewi kwa juu, imepigwa ndani ya mauntini ya shokapu, kile kishikizo chake cha juu. Kuibadilisha ni kushusha shokapu nzima, kubana springi kwa kifaa chake, ndipo ufungue ile nati ya katikati waliyoniambia niifungue kwa spana ya mkononi.

Najua wanakuja wa "ungempelekea fundi". Fundi angetanua tundu na grenda dakika tano, mimi ningelipa na kushukuru.

Nimerudisha mzigo dukani. Jibu: mali ikiuzwa hairudi, halafu umeshaifunga mwenyewe nyumbani. Wakuu, tangazo la "Subaru zote" ninalo, sauti zao ninazo, risiti ninayo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemwambia muuzaji kitu ni cha kazi gani akauziwa kisichofaa kazi hiyo. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja. Kama kuna aliyewahi kupeleka malalamiko FCC (Tume ya Ushindani) kwa jambo dogo la spea, anieleze alianzia dirisha gani.

Na mwenye mauntini ya mbele kushoto ya SG5, mtumba wa Japani nzima, aje PM. Picha ziwe zimepigwa na wewe, siyo za mtandaoni.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Wamenipigia, nadhani wameuona uzi. Hela hawarudishi ila wako tayari kunibadilishia nichukue strati ba ya nyuma. Nikauliza hiyo ya nyuma inaingia gari gani.

"Subaru zote, bosi."