Mrejesho: vipimo vya MySQL vilivyokuwa vinapotea

Wakuu, narudi na majibu. Niliuliza kwa nini vipimo vya kasi ya kweri zangu (maombi ya data) kwenye hifadhidata ya MySQL vinatoweka kila nikifunga dirisha. Mlikuwa sahihi: SHOW PROFILES, amri inayoorodhesha vipimo hivyo, inashika vya muunganisho husika tu, ukikatika vyote vimekwenda. Tena kwa kawaida inatunza kweri 15 za mwisho. Nimepandisha mpangilio wa idadi hiyo, profiling_history_size, hadi 100, na hapo ndipo ukomo wake.

Kilichonifaa: kabla ya kufunga, nanakili INFORMATION_SCHEMA.PROFILING (jedwali la MySQL lenye vipimo hivyo) kwenye jedwali langu, pamoja na safu ya tarehe na ya maelezo, mfano “kabla ya indeksi” (indeksi ni orodha inayoharakisha kutafuta data). Mwanzo sikuweka maelezo. Namba za QUERY_ID, zinazotambulisha kila kweri, huanza upya kila muunganisho, basi nikabaki na rundo la namba moja, mbili, tatu, sijui ipi ni ipi. Uzembe wangu.

Jana nililinganisha kweri ya ripoti: karibu muda wote ulikuwa unaliwa na kupanga matokeo kwa tarehe. Nikaongeza indeksi kwenye safu hiyo, hatua ile haionekani tena kwenye vipimo.

Uliyenishauri nihamie performance_schema, sehemu nyingine ya MySQL ya kupima kasi, kwa kuwa SHOW PROFILES iko njiani kuondolewa, nimekusikia. Nikimaliza ripoti hii naanza.